Nani Atakutilia Sahihi?

Safu ya Bi Risiti

Kila Ijumaa Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya hutoka na kurasa kwa kurasa za matangazo ya urithi: fulani amefariki, fulani anaomba kusimamia mali yake, mwenye pingamizi ajitokeze. Ukilisoma utadhani hatuna shida nyingine ya kisheria isipokuwa kufa. Na kwa kufa tumejiandaa kweli. Kamati ya mazishi huundwa kabla mwili haujafika mochari. Mweka hazina anapatikana, kundi la WhatsApp linafunguliwa, hema na viti vinalipiwa rubuni. Kinachonikera ni kipindi kinachotangulia hapo, ambacho Kamati haina habari nacho: miaka miwili, mitano, hata kumi, mtu yu hai, anakula, anaitikia salamu, lakini ukimwekea karatasi mbele haelewi ni ya nini. Kwa kipindi hicho tumeafikiana kimyakimya kwamba familia itajua la kufanya. La kufanya lenyewe nitalitaja kwa jina lake: ni kughushi. Hata likifanywa na mtoto mwema, na kila shilingi ikaishia kwenye dawa na nepi za mzee, bado ni kughushi.

Tazama linavyokwenda. Kiharusi kimempiga baba, upande wa kulia umelala. Benki inataka sahihi inayolingana na ile aliyoiweka alipofungua akaunti. Mkono wa kushoto unatoa mchirizo ambao karani anaurudisha kupitia kidirisha. Basi kadi ya ATM inatolewa kwenye pochi, na PIN ya M-Pesa inajaribiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, nayo inakubali. Hayo ni ya wiki ya kwanza. Baadaye hospitali inadai, na macho yote yanageukia shamba. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka mwenye kuhamisha ardhi afike mbele ya msajili, wakili au afisa mwingine anayetambulika, atambuliwe kuwa ndiye, na ithibitike kwamba ametia sahihi kwa hiari yake. Kwa hivyo kidole gumba kinashikwa na mtu mwingine, kinachovywa kwenye pedi ya wino, kinabonyezwa kwenye fomu karibu na picha ya pasipoti, na wakili anashuhudia hiari ya mtu asiyejua leo ni siku gani. Mnunuzi anajenga nyumba ya mawe. Miaka ikipita, binti aliyeolewa mbali anapata habari, anaenda kortini na faili ya hospitali yenye tarehe, na hatimiliki ambayo yule bwana aliinunua kwa jasho lake inageuka kielelezo cha kesi.

Wenye kujua kidogo watanijibu kwamba baba alishamwandikia kaka mkubwa hati ya uwakilishi, ikapigwa mhuri na kusajiliwa, kwa hivyo hakuna tatizo. Tatizo liko papo hapo. Kwa kanuni tuliyorithi kwa Waingereza, mwakilishi hawezi kuwa na mamlaka makubwa kuliko aliyemtuma. Aliyemtuma akipoteza uwezo wa kuamua, mamlaka ya mwakilishi nayo yanakatika. Hati hiyo inakufaa ukiwa Doha kazini, akili timamu, ukitaka ndugu yako akuuzie ploti Kitengela. Ukishikwa na ugonjwa wa kusahau, inakufa wakati ule ule unapoihitaji: ni tairi ya akiba inayopasuka pamoja na ya mbele. Waingereza wenyewe waliuona upuuzi huo wakatunga sheria mwaka 1985 kuruhusu hati inayodumu, kisha wakaiboresha kwa sheria nyingine ya 2005 iliyoanza kutumika Oktoba 2007. Siku hizi huko mtu mwenye akili zake anaweza kuandika hati mbili, moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na matunzo. Mtu wa kando huthibitisha kwa sahihi yake kwamba mwenye hati ameelewa na hakushurutishwa, na hati haitumiki mpaka isajiliwe katika ofisi ya umma, ambayo pia humchunguza mwakilishi akilalamikiwa. Sisi tumeikumbatia kanuni ambayo wenyewe waliitupa miaka 40 iliyopita. Bunge likitaka kazi, kazi ndiyo hii, na kielelezo kimeshaandikwa.

Hadi hapo, kilichobaki kwetu ni mahakama. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa 2022, jamaa anaweza kuomba ateuliwe mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake. Siidharau njia hiyo. Katika hadithi hii yote ndiyo pekee inayodai risiti, na risiti ndio udhaifu wangu. Msimamizi anatakiwa kuorodhesha mali na kutoa hesabu, na hawezi kuuza ardhi wala kuiweka rehani bila ruhusa ya mahakama. Lakini inataka wakili, hati za kiapo, ripoti ya daktari na subira, ilhali hospitali inadai leo. Inamweka mwalimu mstaafu aliyepigwa na kiharusi chini ya sheria ya wagonjwa wa akili, jambo ambalo jamaa zake huona haya hata kulitamka. Kasoro yake kubwa zaidi ni kwamba jaji huchagua miongoni mwa waliofika mbele yake. Mwenye mali hakuulizwa alipokuwa na jibu. Jaji awe mwadilifu kiasi gani, atajuaje kwamba mzee alimwamini mjukuu wake anayeuza mitumba Gikomba kuliko kifungua mimba mwenye suti?

Kuna mlango mmoja ambao sheria yetu imeuacha wazi na watu wanaupita kama hawauoni. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinasema kwamba mgonjwa asipoweza kutoa idhini ya matibabu, idhini hutolewa na mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi, au aliyeidhinishwa na sheria au amri ya mahakama. Jamaa wa karibu huja baada ya hapo, pale ambapo hakuna mtu wa aina hiyo. Bila karatasi, daktari wa chumba cha mahututi anaulizia jamaa wa karibu, na katika boma lenye nyumba mbili wanajitokeza wanne, mmoja akitaka mashine zizimwe na mwingine akiagiza upasuaji kwa simu kutoka Texas. Kukiwa na karatasi, anaita jina lililoandikwa. Na msiniambie mambo haya ni ya matajiri. Katika mpango wa Inua Jamii, ambapo mzee hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, huandikishwa pamoja na mtunzaji wa kumpokelea akishindwa kufika. Serikali imeona shilingi 2,000 zinahitaji jina la pili; mwenye ekari kumi na nyumba za kupangisha hana jina lolote aliloandika popote.

Wanaopinga husema kwanza kwamba kuyaandika haya ni kujichuria, ukiutaja ugonjwa umeuita. Hao hao hulipia bima ya mazishi kila mwezi, kwa hivyo tusonge mbele. Hoja nzito ni kwamba aliyepewa mamlaka ataiba. Baadhi wataiba, na hata Uingereza wapo walioiba wakiwa na hati safi mkononi. Lakini mwizi mwenye hati ana jina, tarehe na mipaka iliyoandikwa. Unaweza kutaka wawili watie sahihi pamoja, ukamkataza mwakilishi kuigusa nyumba anayoishi mama, ukamtaka amwoneshe dada yake hesabu kila Desemba. Mwizi mwenye PIN umwekee masharti gani? Kisha wapo watetezi wa haki za watu wenye ulemavu, ambao hoja yao naikubali nusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki hizo, ulioridhiwa na Kenya 2008, unasema katika kifungu cha 12 kwamba ulemavu haumwondolei mtu nafasi yake mbele ya sheria, na ni kweli kwamba ulezi umetumika mara nyingi kuwanyamazisha watu. Britney Spears, mwanamuziki aliyekuwa akijaza kumbi, alikaa chini ya usimamizi wa mahakama huko California kwa miaka 13, hadi Novemba 2021. Ila yeye aliwekewa wasimamizi. Ninayoizungumzia ni hati ambayo mtu ameiandika mwenyewe, anayoweza kuifuta maadamu anaelewa, na inayomlazimu mwakilishi kuendelea kumuuliza hata anapoelewa nusu nusu. Anayeujali mkataba huo angekuwa wa kwanza kuidai.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini, jikoni, wageni wakishaondoka: ukimtaja mtoto mmoja umewagombanisha wengine. Watagombana hata usipomtaja. Kesi ya urithi wa Mbiyu Koinange, waziri wa zamani aliyefariki 1981, ilivutana kortini kwa zaidi ya miaka 30, na hiyo ilikuwa ya marehemu, ambaye angalau hakuhitaji kulishwa na kugeuzwa kitandani mawakili wakibishana. Mzee akimwandika kitinda mimba leo, wakubwa watanuna, watakataa kuja Krismasi, mmoja atatuma ujumbe mrefu kwenye kundi la familia kisha ajitoe. Wacha wanune. Watakuwa wanamnunia mtu mwenye ulimi wa kuwajibu.