Usihakiki Kitabu Ulichokisoma Huku Unachati

Kila uzinduzi wa kitabu ninaohudhuria hapa Dar es Salaam, lazima mtu ashike maikrofoni atuambie kwamba Watanzania hawasomi, eti ukitaka kuwaficha jambo liweke kitabuni. Ukumbi unacheka, makofi yanapigwa. Halafu nusu ya ukumbi, sisi wahakiki tukiwamo, inarudi kwenye simu.

Nimechoka na wimbo huo. Watu wanasoma kutwa: meseji, vichwa vya habari, mabishano ya mpira. Shida yetu si uvivu. Shida ni kurukaruka, na wagonjwa wa kwanza ni sisi tunaojiita watu wa vitabu. Naanza na mimi.

Mwaka jana nilihakiki riwaya moja. Niliandika, tena kwa kujiamini, kwamba mwandishi amemsahau mama wa mhusika mkuu. Anapotea katikati ya hadithi bila maelezo. Siku mbili baadaye mwandishi akanipigia. Hakufoka. "Kijana wangu," akasema, "yule mama nilimzika mwenyewe. Kurasa mbili nzima."

Nikafungua kitabu. Mazishi yapo, na penseli yangu imepiga mstari chini ya sentensi ya kwanza. Usiku ule naukumbuka vizuri: kundi la kamati ya harusi ya binamu yangu lilikuwa linawaka kuhusu michango, nami nilikuwa najibu huku nasoma.

"Huku nasoma." Uongo upo hapo.

Chini ya utosi, kuelekea kisogoni, kuna sehemu ya ubongo ambayo wataalamu huiita parieta. Ikishirikiana na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inasaidia kuamua kipi kishikwe sasa hivi na kipi kiachwe. Ukihama kutoka riwaya kwenda kwenye meseji, mtandao huo lazima uweke kando kanuni za kazi moja na kupanga za nyingine. Kuhama huko kuna gharama. Mwaka 1995, Robert Rogers na Stephen Monsell waliwapa watu kazi mbili nyepesi za kupokezana: kutambua herufi ni irabu au konsonanti, na namba ni shufwa au witiri. Watu walijua zamu ya kila kazi, na walipewa muda wa kujiandaa. Bado kila walipohama walichelewa na kukosea zaidi. Kama herufi na namba zinatushinda, sembuse msiba wa kurasa mbili?

Mtaniambia mama zetu wanapika huku wanapiga soga. Sawa. Mkono uliokwisha kuzoea mwiko hauhitaji kuamuliwa kila mara. Lakini riwaya na kundi la michango vyote vinataka maneno, vyote vinataka maana. Wahenga walishasema: mshika mbili, moja humponyoka.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba kilichoponyoka hakipigi kelele. Mwaka 1978, huko Milan, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliandika habari za wagonjwa walioumia parieta ya kulia. Waliwaomba wajione akilini wamesimama uwanjani, wakilitazama kanisa kuu la mji wao, wataje wanachokiona. Wakataja majengo ya kulia na kuyaacha ya kushoto. Kisha wakaombwa wajione wamesimama mlangoni mwa kanisa, wakiutazama uwanja. Sasa wakayataja yale yale waliyoyaacha, na waliyoyataja mwanzo yakapotea. Kumbukumbu ilikuwapo yote. Kilichokosekana ni uangalifu wa kuufikia upande mmoja, na mara nyingi wagonjwa wa aina hii hawajui kama kuna upande umepotea.

Silinganishi mgonjwa na mzembe. Wao waliumia, mimi nilichagua. Lakini nilipoandika uhakiki ule, hata mimi sikuhisi pengo lolote. Kitabu kilionekana kizima machoni pangu, na lawama nikamtupia mwandishi.

Basi jamani, tuache unafiki. Tunawaambia waandishi wafupishe sura, waongeze vituko, "msomaji wa sasa hana subira". Tunataka fasihi ikatwe ilingane na vipande vya uangalifu wetu uliochanika, halafu tunaita huo ushauri. Mwandishi aliyekesha miaka juu ya kitabu hatudai sifa. Anatudai saa chache zisizogawanywa.

Mimi nimeshaamua. Simu inabaki chumba kingine, nikisoma na nikiandika. Wahariri wangu wanalalamika, kamati ya harusi ndiyo usiseme. Na kitabu nisichoweza kukipa saa hizo, sikihakiki. Wewe unayepanda jukwaani kutuambia Watanzania hawasomi, kabla hujashika maikrofoni, tuambie kwanza: mara ya mwisho kusoma kurasa ishirini bila kugusa simu ilikuwa lini?

Ile riwaya niliirudia, nikaandika uhakiki mpya na kuomba radhi hadharani. Kwenye zile kurasa mbili nililia. Mara ya kwanza nilikuwa nimezipigia mstari tu.