Majengo ya Wazee Wetu: Turathi ya Taifa na Amana ya Wakfu

Lilipoporomoka Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki, Wazanzibari walihuzunika kama waliofiwa na mzee. Jumba lile alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 lina wa kuliulizia: Serikali, wafadhili, na UNESCO iliyouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Suali ni hili: misikiti ya mitaani na nyumba za wakfu zilizo vichochoroni, nani anaziulizia?

Turathi si majumba ya kifalme pekee. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na mpaka leo unasaliwa. Huo ni ushahidi wa jiwe kwamba Uislamu umekaa visiwani kwa zaidi ya miaka 900.

Majengo haya yanaangamia kwa njia mbili. Ya kwanza ni saruji. Kuta za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hupitisha unyevu. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungika ndani, boriti zikaoza. Nia ya mfadhili ni njema, lakini aanze kwa kumwita fundi wa chokaa.

Ya pili ni kodi. Mafuqaha wameeleza kuwa pato la wakfu hutangulizwa kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wafaidike waliowekewa. Basi mpangaji anayelipa chini ya kodi ya mfano bila ya udhuru, kisha akampangisha mwengine kwa faida, anakula fungu la paa na kuta.

Wapo wasemao: msikiti ni sala, si mawe. Ni kweli, na hatuyatukuzi mawe. Lakini mwenye kuweka wakfu alikusudia sadaka yenye kuendelea. Paa likianguka kwa uzembe wetu, tulioikata ni sisi. Na msikiti ukiwa mdogo, kamati itazame kwanza kuongeza pembeni kabla ya kubomoa.

Familia zenye hati za wakfu zizitoe makabatini, zizipeleke Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na wajukuu waelezwe babu yao aliweka nini na kwa sharti gani. Amana isiyojulikana ndiyo inayopotea mwanzo.

Wallahu aalam.