Ule ushindi wa Memphis tulioukimbia

Hapa Mazinde jua ni lile lile, mabasi ya Arusha yanapita kwa kasi ile ile, na mkonge umesimama kwenye mistari kama wanafunzi mstarini. Leo siandiki habari za bei ya mahindi wala barabara. Naandika habari za mpira wa kikapu. Najua wengine mtaguna... kikapu na Mazinde wapi na wapi? Subirini kidogo.

Juzi jioni nilipita karibu na uwanja wa shule. Vijana wanacheza mpira wa miguu, na kati yao kuna mmoja wa darasa la saba, mrefu hasa, anawapita wenzake kichwa na mabega. Akaupiga mpira ukaenda pembeni kabisa. Wenzake wote kwa pamoja: "Thabeet huyooo!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Yule mtoto akacheka nao, lakini cheko lenyewe nililiona.

Nikajiuliza, tangu lini jina la Mtanzania wa kwanza kucheza NBA limekuwa tusi la mtu mrefu asiye na kazi?

Sasa basi, nirudi nyuma. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, sentimeta 221. Juni 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA. (Siyo drafti hii ya vizibo vya soda tunayocheza kijiweni! Hii ni ile siku timu zinachagua vijana wapya kwa zamu.) Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden. Wa saba, shikeni viti, Stephen Curry. Mtoto wa Dar aliitwa kabla ya Harden na Curry, na timu iliyomwita ni Memphis Grizzlies.

Siku zile nchi nzima tukawa mashabiki wa Memphis. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mjomba wangu alikuwa na rafiki kondakta aliyemtupia gazeti kutoka kwenye basi, mara nyingi la jana, na mimi kazi yangu ilikuwa kulikimbilia kabla halijapeperuka. Ukurasa wa michezo ulikuwa na Simba, Yanga, halafu kakona kadogo: Memphis wameshinda, Memphis wamefungwa, Thabeet kacheza dakika kadhaa. Mjomba hakuwahi kuiona NBA hata siku moja, lakini ungemsikia akichambua ungedhani kazaliwa Tennessee.

Halafu ikaja Februari 24, 2011. Memphis wakampeleka Thabeet Houston Rockets, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji kwenye drafti ya baadaye. Wao wakapewa Shane Battier na Ish Smith. Kakona kakafa. Mjomba akasema, "Basi, hao siyo wetu tena," akafungua ukurasa wa Yanga. Nchi nzima ikafanya alivyofanya mjomba.

Sasa sikilizeni tulichokikosa.

Memphis walimaliza msimu ule na ushindi 46, kufungwa 36, nafasi ya nane upande wa Magharibi, yaani mkiani kabisa mwa wanaoingia hatua ya mtoano. Houston alikokwenda Thabeet walimaliza wa tisa. Nafasi moja tu nje ya mlango! Wapinzani wa Memphis walikuwa San Antonio Spurs wa Tim Duncan na Tony Parker, vinara wa Magharibi kwa ushindi 61. Na Memphis tangu klabu ianzishwe ilikuwa imecheza mechi 12 za mtoano, mwaka 2004, 2005 na 2006, ikapoteza zote 12. Haikuwa na hata moja ya kusingizia. Juu ya hapo Rudy Gay, mmoja wa wafungaji wao wakubwa, alikuwa nje na bega bovu.

Jumapili ya Aprili 17, 2011, mechi ya kwanza, kwao Spurs. Kwa haki ya Mungu niseme kwamba Spurs nao walimkosa Manu Ginobili, kiwiko kilikuwa kinamsumbua. Mechi ikaenda bega kwa bega. Zach Randolph akamaliza na pointi 25 na ribaundi 14. Marc Gasol akarusha mara kumi, akakosa mara moja tu, pointi 24. Hata hivyo zikiwa zimebaki sekunde kama 24 Memphis walikuwa nyuma kwa pointi mbili, 98 kwa 96. Mpira ukamfikia mtu kwenye mstari wa pointi tatu. Akarusha, ukaingia. 99 kwa 98. Ikaisha 101 kwa 98, na Memphis wakapata ushindi wao wa kwanza wa mtoano katika maisha yao yote.

Aliyerusha ni nani? Shane Battier. Yule yule aliyeletwa kwa kubadilishana na Thabeet wetu.

Mimi habari hii niliipata miaka mingi baadaye, natafuta kitu kingine kabisa kwenye simu, hapa hapa Mazinde, tena mtandao ukikatika kila dakika mbili. Niliikodolea macho ile video kama mtu aliyepewa barua ya mwaka 2011 iliyopotea posta.

Asubuhi ya pili yake, kama kakona kale kangekuwepo, mchambuzi mwenye akili timamu angeandika nini? Angesema tulieni. Ni kweli timu ya nane iliwahi kuitoa ya kwanza: Denver waliitoa Seattle 1994 na New York wakaitoa Miami 1999. Lakini zile zilikuwa raundi za mechi tano. Tangu raundi ya kwanza iwe ya mechi saba, aliyewahi kufanya hivyo alikuwa mmoja tu, Golden State dhidi ya Dallas mwaka 2007. Ushindi wa pointi tatu, Ginobili hayupo, mtupo mmoja wa bahati... angesema Spurs watageuza meza.

Mimi nadhani angekosea, na siyo kwa sababu nimeshajua mwisho. Mtupo wa Battier ulikuwa ndiyo habari ya kupiga picha, ila kilichoiumiza Spurs ni Randolph na Gasol pale chini ya goli. Pointi 49 kwa watu wawili wanaocheza karibu na kikapu, hiyo siyo bahati. Bahati ni ya mtupo wa mbali. Wale wawili wangekuwepo kesho na keshokutwa, na Duncan alikuwa anakaribia miaka 35. Ndivyo ilivyokwenda. Memphis wakachukua ya tatu kwa 91-88. Ya tano wakanyang'anywa tonge mdomoni, Gary Neal alisawazisha kwa mtupo wa pointi tatu muda ukiyoyoma, wakafungwa kwenye dakika za nyongeza. Ya sita, Aprili 29, Randolph akaweka pointi 31 na Spurs wakaenda nyumbani. Baadaye Oklahoma City waliwatoa Memphis, lakini ilibidi zichezwe mechi zote saba.

Haya, turudi kwa yule mtoto wa darasa la saba.

Kuna watu wataniambia, "Si umeona mwenyewe? Memphis walimtoa Thabeet ndiyo wakafanikiwa. Garasa!" Hapana jamani. Mimi nakubali kabisa kwamba Memphis walifanya biashara nzuri. Thabeet alikuwa nyuma ya Gasol, na Gasol ndiye aliyekuja kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013. Timu ilihitaji mtu mzima anayejua mtoano, wakamrudisha Battier ambaye klabu hiyo hiyo ilimchagua mwaka 2001. Hata ningekuwa mimi ningefanya hivyo, na mjomba anisamehe.

Lakini garasa? Thabeet alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Kina Curry walikua viwanjani, baba yake mwenyewe alicheza NBA. Miaka saba baadaye Thabeet anagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East na DeJuan Blair, na chuo chake cha Connecticut kinaingia nne bora ya Marekani. Msimu wake wa kwanza NBA alikuwa na wastani wa pointi 3.1 na bloku 1.3 kwa mechi. Kwa aliyechaguliwa wa pili ni kidogo, sibishi. Februari 2010 wakamshusha ligi ndogo, na hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa kabla yake. Ilikuwa aibu, tena ya hadharani. Akaamka, akazunguka Houston, Portland, Oklahoma City, halafu Japani na Taiwan, bado akiishi kwa mchezo alioanza akiwa na ndevu zinachipua.

Sisi tulimpenda kwa miezi ishirini, tukamtupa. Na timu tukaitupa pia, wiki saba tu kabla ya siku yake tamu kuliko zote.

Nyinyi mnaosoma mkiwa Lushoto, Mombo, Korogwe, nihesabieni magoli ya kikapu mnayoyajua yenye ubao na ringi nzima. Mimi hapa kwetu mabinti wana nguzo zao za mpira wa pete, na asante kwa hilo, lakini nguzo ya pete haina ubao. Mtoto mrefu wa Mazinde tunamcheka hajui kupiga mpira kwa mguu, na cha kutupia kwa mkono hana.

Nimeongea na fundi mmoja wa kuchomelea, anasema ringi siyo kazi, nondo ipo. Mlingoti wa mkonge hautafaa, utapinda, kwa hiyo tunatafuta bomba. Mwenye bomba la chuma la mita nne kuendelea, hata lenye kutu, tuwasiliane. Mjomba ameshaahidi ubao, ila ameweka sharti: jina la Memphis lisiandikwe.