Nafasi ya 272
Ukishuka na kidole kwenye orodha ya vijana walioteuliwa na klabu za besiboli za Marekani mwaka 2010, unamkuta Jacob deGrom nafasi ya 272. Katika chuo cha Stetson, Florida, alikuwa mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu (shortstop). Kurusha alianza msimu wake wa mwisho hapo. Klabu ya Mets ilimchukua, kiwiko kikafanyiwa upasuaji, 2011 yote hakucheza. Kawia ufike: Ligi Kuu aliingia Mei 2014, akikaribia miaka 26, akawa mchezaji chipukizi bora, kisha mrushaji bora 2018 na 2019. Skauti anayemfuta kijana wa chuo kwa mchana mmoja uwanjani anamdhulumu riziki yake. DeGrom alisainiwa kwa dola 95,000 tu.