Wingi wa Wasomaji Si Kipimo cha Ukweli

Zamani habari iliyofika Karagwe kwa gazeti au redio ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa mhariri. Siku hizi, katika wilaya hiyo na katika Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, habari nyingi huingia kwa simu, na aghalabu wasomaji wenyewe ndio wanaozichagua. Tovuti za kushirikishana habari ni mfano ulio wazi. Katika Reddit, iliyoanza Marekani mwaka 2005, msomaji huweka anwani ya habari iliyotolewa kwingine, na ile inayopigiwa kura nyingi hupanda juu. Katika JamiiForums, iliyoanza Tanzania mwaka 2006, mada hupanda inapojibiwa.

Utaratibu huu humpa hata mkulima wa mpakani nafasi ya kusema. Lakini yafaa kuuliza: wingi huo hupima nini? Hupima mshangao, hofu na hasira. Ukweli haupimwi hivyo. Mwaka 2018 wachunguzi wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa habari zilizoenea katika Twitter kati ya 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na waliosababisha tofauti hiyo walikuwa watu, si mitambo.

Huko Kagera kosa hili lina gharama. Mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria, uligunduliwa Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia mkoani humo. Hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni kazi isiyomshangaza mtu: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kwa moto au jiki, na kung'oa mgomba mgonjwa. Tangazo la dawa ya miujiza laweza kuvuta wasomaji wengi kuliko maagizo hayo. Anayelifuata atapoteza fedha, kisha shamba, na ugonjwa utamfikia jirani.

Kwa hiyo waendeshaji wa tovuti wasijivunie hesabu ya wasomaji peke yake. JamiiForums yenyewe imeanzisha JamiiCheck kwa ajili ya kuhakiki habari. Shule nazo zina wajibu. Wanafunzi waandike daftarini, kwa mwezi mmoja, habari zinazoenea zaidi kijijini: nani aliitoa, lini, kwa ushahidi gani, na kama ilisahihishwa baadaye. Ihusuyo migomba, afisa ugani aulizwe kabla haijapelekwa mbele.