Kivu Kusini: Mtu akikonda ghafula, apimwe kwanza kabla ya kulaumu jirani

Katika mitaa ya Bukavu, mtu akianza kukonda ghafula, maneno hutangulia dawa. Wengine husema amepewa karuho, ile sumu inayosemwa kuua polepole. Wengine hunong'ona kwamba ni SIDA. Jamaa humpeleka kwa mganga wa kienyeji ili atapishwe, pesa zinaisha, na jirani aliyemkaribisha chakula anaanza kuogopa maisha yake.

Wakati huo ugonjwa wenyewe unaendelea. Kifua kikuu hukondesha, pamoja na kikohozi kinachopita wiki 2, homa na jasho la usiku. Mgonjwa asipotibiwa anaweza kuambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja. Ugonjwa wa sukari hukondesha hata mtu anayekula vizuri. Dalili zake ni kiu na kukojoa mara nyingi. Kuna pia minyoo, tezi ya shingo, kansa, na huzuni ya waliokimbia vita, inayoondoa hamu ya kula. Hata SIDA ina dawa, na anayezimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi.

Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 au zaidi ndani ya miezi 6 bila kutaka, afike kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini Kongo, na matibabu ya kawaida ni miezi 6.

Kumtuhumu jirani hakujaponya mgonjwa hata mmoja. Wakuu wa mitaa, wachungaji na maimamu waseme hivyo waziwazi: kipimo kwanza.