Ushuru Peke Yake Hauyeyushi Alumini

Tangu Serikali ya Marekani ilipoanza kupandisha ushuru wa alumini inayotoka nchi za nje, yamesikika miongoni mwetu maneno ya kushangilia. Husemwa katika mabaraza ya wasomi, na wakati mwingine hata maofisini, kwamba ikiwa taifa tajiri kama lile limeona ni lazima lijizungushie ukuta wa forodha ili viwanda vyake vipone, basi ukuta huo ndio dawa, na sisi tunachelewa bure. Hoja hiyo inavutia kwa sababu ni nyepesi. Lakini hoja ya namna hiyo hapana budi ipimwe kwa makini, kwani ikishaingia katika waraka wa wizara au katika daftari la mwanafunzi hukaa humo miaka mingi.

Hebu tuipime kwa kitu kidogo ambacho kila msomaji amekwisha kukishika mkononi, yaani kopo la soda au la bia.

Kopo hilo likiwa tupu lina uzito wa gramu kumi na kitu tu. Mwili wake hutokana na bamba la alumini iliyochanganywa na manganizi na magnesi kidogo. Bamba hukatwa miduara, kila mduara ukavutwa kuwa kikombe, kisha kikombe kikasukumwa ndani ya pete za chuma kigumu mpaka ukuta wake ukawa mwembamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Kifuniko hufanywa kwa mchanganyiko mwingine wenye magnesi nyingi zaidi, kwa kuwa hicho ndicho kinachobeba ulimi wa kufungulia na kuhimili msukumo wa gesi. Mtambo mmoja wa kisasa hutoa makopo zaidi ya 2,000 kwa dakika. Chembe moja ya uchafu ndani ya bamba hutosha kupasua kopo na kuusimamisha mtambo mzima. Kwa hiyo mtengenezaji wa makopo hawezi kununua bamba lolote kwa mtu yeyote. Hutegemea viwanda vichache vinavyojua kazi hiyo.

Ni dhahiri, basi, kwamba nyuma ya kopo viko viwanda vya aina tatu: kile kinachoyeyusha alumini, kile kinachoigandamiza kuwa bamba, na kile kinachofinyanga kopo lenyewe. Bidhaa ya wa kwanza ni malighafi ya wa pili, na bidhaa ya wa pili ni malighafi ya wa tatu. Anayemtoza ushuru mgeni wa hatua ya kwanza anamtoza pia mwenyeji wa hatua ya tatu. Hapo ndipo wanaoshangilia wanapopatwa na usahaulifu.

Mwezi Machi 2018 Rais Donald Trump aliweka ushuru wa asilimia 10 kwa alumini ya nje na asilimia 25 kwa chuma cha pua na chuma cha kawaida, kwa hoja ya usalama wa taifa. Kanada, ambayo ni jirani na ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa alumini kwa Marekani, iliingizwa mwezi Juni mwaka huo, ikaondolewa Mei 2019. Tarehe 12 Machi 2025 ushuru huo ulipanda hadi asilimia 25, na misamaha yote ya nchi ikafutwa. Tarehe 4 Juni 2025 ukafika asilimia 50 kwa karibu nchi zote. Jambo la kuzingatia ni kwamba agizo la mwaka 2018 liliiangukia metali na mabamba, huku makopo matupu na bia iliyokwisha kutiwa makoponi vikiachwa nje ya agizo hilo. Vilijumuishwa tarehe 4 Aprili 2025. Kwa miaka saba kiwanda cha makopo cha Marekani kilitozwa kwa malighafi yake, ilhali mshindani wa nje aliyeleta kopo lililokamilika hakuguswa na agizo hilo. Huo ni ulinzi uliopangwa miguu juu, kichwa chini.

Je, kiwanda cha hatua ya kwanza, ambacho ndicho kilichokusudiwa kulindwa, kilipona? Mwaka 1980 Marekani ilikuwa na viwanda zaidi ya 30 vya kuyeyusha alumini, vikitoa tani milioni 4.6 kwa mwaka. Mwaka 2024 vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa vinne, na uzalishaji wote ulikuwa takriban tani 700,000. Kiwanda cha New Madrid, katika jimbo la Missouri, kilichofungwa mwaka 2016 baada ya mwenyewe kufilisika, kilifunguliwa tena mwaka 2018 kwa shangwe kubwa, kikatajwa kuwa ushahidi wa nguvu ya ushuru. Januari 2024 kilisimamisha kazi, na mamia ya wafanyakazi wakarudi majumbani. Kile cha Hawesville, Kentucky, kilisimama mwaka 2022. Kile cha Ferndale, katika jimbo la Washington, kilizimwa mwaka 2020 na kufungwa kabisa mwaka 2023. Yote hayo yalitokea wakati ushuru wa mwaka 2018 ukiwa bado upo kwa nchi nyingi.

Sababu kubwa ni umeme. Kuyeyusha tani moja ya alumini hula kiasi cha uniti 14,000 za umeme, na umeme huweza kufikia theluthi ya gharama yote. Kiwanda cha tani 300,000 kwa mwaka kinahitaji megawati 480 hivi, usiku na mchana. Ili msomaji apate kipimo, hiyo ni karibu robo ya uwezo wote wa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Tena umeme huo ukikatika kwa saa chache tu, metali huganda ndani ya matanuri na hasara yake haisemeki. Hakuna afisa wa forodha, awe hodari namna gani, anayeweza kuushusha umeme bei kwa kugonga mhuri bandarini. Na siku hizi huko Marekani viwanda hivyo vinagombania umeme na vituo vikubwa vya kompyuta, ambavyo viko tayari kulipa bei ambayo kiwanda cha alumini kikiilipa kinafilisika.

Historia yao wenyewe ingewafundisha. Kampuni iliyokuja kuitwa Alcoa ilikwenda Niagara mwaka 1895 kwa sababu ya maporomoko ya maji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya alumini vya Kaskazini-Magharibi vilistawi kwa umeme wa mabwawa ya Bonneville na Grand Coulee katika Mto Columbia, mabwawa yaliyojengwa kwa fedha ya umma. Umeme wa nyumbani ulipopanda bei, wenye mitaji walivuka bahari kuutafuta kwingine. Ghana inawakumbuka. Bwawa la Akosombo lilizinduliwa mwaka 1966, na mwaka 1967 kiwanda cha VALCO huko Tema, mali ya Kaiser na Reynolds za Marekani, kikaanza kuyeyusha kwa umeme wa bei nafuu, kikitumia alumina iliyoletwa kwa meli ilhali Ghana ina boksiti yake ardhini. Waliokwenda mpaka Afrika Magharibi kufuata umeme hawatarudishwa nyumbani na ushuru ikiwa umeme wa nyumbani ni ghali.

Watetezi wa ukuta watajibu: mbona Mei 2025 kampuni ya Emirates Global Aluminium ilitangaza mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha kuyeyusha katika jimbo la Oklahoma? Ni kweli ilitangaza, na hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Lakini mpango huo tangu mwanzo ulifungamanishwa na kupatikana kwa mkataba wa muda mrefu wa umeme wa bei inayofaa. Ushuru ulimbisha hodi mwekezaji. Kuingia kwake kulitegemea umeme. Zaidi ya hayo, kiwanda cha namna hiyo hujengwa kwa miaka, na ushuru hutozwa tangu siku ya kwanza. Angalia kiwanda cha mabamba ya makopo kinachojengwa na Novelis, kampuni iliyo chini ya Hindalco ya India, huko Bay Minette, Alabama. Ujenzi ulianza mwaka 2022 kwa makadirio ya dola bilioni 2.5, kufika Februari 2024 makadirio yalikuwa yamepanda hadi dola bilioni 4.1. Katika miaka hiyo yote ya kungoja, nani anayelipa?

Analipa mtengenezaji wa kopo, na baada yake mnywaji. Tena wanalipa hata kwa metali ambayo haijavuka mpaka. Bei ya alumini nchini Marekani huwa na nyongeza ya kufikishia mzigo, na ushuru ukipanda nyongeza hiyo hupanda kwa wote: kwa alumini ya Kanada, kwa ile iliyoyeyushwa Kentucky, na kwa makopo ya zamani yaliyoyeyushwa upya. Sehemu inayotokana na metali ya nyumbani haiingii hata senti moja katika hazina ya taifa. Huingia katika mifuko ya wauzaji wa metali. Ndiyo maana Februari 2025 mkuu wa Coca-Cola, James Quincey, alisema waziwazi kwamba kopo likiwa ghali kampuni yake inaweza kuegemea zaidi chupa za plastiki. Ukuta uliojengwa ili kuilinda alumini unaweza kumfukuza mteja wa alumini.

Liko jambo lingine linalodhihirisha upotovu wa siasa hii zaidi ya hayo yote. Kopo lililotumika huyeyushwa upya kwa asilimia 5 hivi ya nishati inayohitajika kutoa metali mpya. Marekani hutumia karibu makopo bilioni 100 kwa mwaka, na mwaka 2023 ni asilimia 43 tu yaliyorudishwa viwandani. Zaidi ya nusu yalitupwa. Brazili kwa miaka mingi imekuwa ikirudisha zaidi ya asilimia 95. Na njia ya kuyarudisha haikuwa siri. Kampuni ya Coors, ilipotoa kopo lake la alumini huko Golden, Colorado, mwaka 1959, ililipa senti moja kwa kila kopo lililorudishwa. Jimbo la Oregon lilitunga sheria ya amana ya chupa na makopo mwaka 1971. Lakini hadi mwaka 2025 majimbo yenye sheria kama hiyo yalikuwa kumi tu kati ya 50. Taifa linafukia mgodi wake wenyewe jalalani, kisha linamtoza jirani faini kwa sababu analiuzia metali!

Sasa turudi nyumbani, maana hatuandiki haya ili kuwacheka wengine. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, Tanganyika Metal Box, yaani kiwanda cha makopo, kilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo Serikali iliamua kuchukua hisa za kutosha kuyaongoza. Lilikuwa jambo la maana. Lakini bati la kutengenezea makopo hayo halikutengenezwa nchini. Liliendelea kuja kwa meli. Kumiliki hatua ya mwisho hakukutupa hatua zilizotangulia. Na mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopanga upya ushuru wake wa pamoja katika ngazi nne za asilimia 0, 10, 25 na 35, iliweka malighafi na mitambo chini, na bidhaa zilizokamilika zinazopatikana kwetu juu. Mpangilio huo unafuata hatua za kiwanda kama zilivyo. Anayetaka tuupindue kwa kuiga Marekani atueleze kwanza viwanda vyetu vya hatua ya tatu vitakula nini wakati tunakingoja cha kwanza kizaliwe.

Hatusemi kwamba ushuru ni dhambi. Kiwanda kichanga huhitaji ua, kama shamba lililo karibu na njia ya mifugo. Lakini ua hauoti mahindi. Mtumishi wa umma anayeletewa ombi la kupandisha ushuru wa malighafi yoyote na aulize maswali matatu kabla hajatia sahihi. Kwanza, umeme wa kuitengeneza hapa uko wapi, na kwa bei gani? Pili, ni viwanda vingapi vya hapa nchini vinavyoitumia malighafi hiyo, na wafanyakazi wao ni wangapi? Tatu, kiasi gani cha malighafi hiyo tunakitupa sisi wenyewe kila siku? Asipopata majibu, ombi hilo ni la mfanyabiashara anayetaka bei kubwa bila jasho, hata likipambwa kwa neno uzalendo.

Na mwalimu naye, anapofundisha habari za viwanda, asiwaonyeshe wanafunzi ukuta akawaambia kwamba hicho ndicho kiwanda. Awaonyeshe bwawa, tanuri, bamba na fundi, halafu mwisho kabisa awaonyeshe kituo cha forodha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nasi tuongeze kwamba kufunga mlango wa karakana si mwanzo wake.